Kifaa cha ubongoni: tuhofie nini hasa?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Kaka yangu, mkwezi wa nazi huku Pangani, alianguka mnazini akaumia uti wa mgongo shingoni, na sasa mikono na miguu haina nguvu. Tumesikia kuna kifaa kinachopachikwa ubongoni ili mgonjwa aendeshe kompyuta kwa kuwaza tu. Wazee barazani wanasema atakayewekewa hatabaki na siri. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, na mfikishie kaka pole zangu. Kifaa kimoja kilichotumika kwa miaka mingi katika majaribio ni kibamba cha milimita 4 kwa 4 chenye visindano 100, ambacho daktari wa upasuaji hukipachika kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru mkono. Mgonjwa huambiwa awaze kwamba anasogeza mkono kulia, kisha kushoto, huku kompyuta ikijifunza ishara za umeme zinazoambatana na kila kusudio, na bila mazoezi hayo haiambulii kitu. Kinachosomwa hapo ni nia ya kusogeza mkono, si yaliyofichwa moyoni. Lakini siwabezi wazee wenu, kwani watafiti wameshaweza kugeuza ishara za usemi kuwa maandishi.

Wasiwasi huo haupo Pangani peke yake. Katika utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2022, Wamarekani asilimia 77 waliunga mkono teknolojia hii iwasaidie waliopooza, ila ilipotajwa kama njia ya kuongeza kasi ya akili, asilimia 56 waliiona kuwa jambo baya kwa jamii. Naona walitofautisha vyema tiba na tamaa.

Mimi ninachokihofia zaidi ni kifaa kukosa mwenyewe. Kampuni ya Marekani ya Second Sight iliwapachika vipofu zaidi ya 350 kifaa cha jichoni, ikaacha kukitengeneza, na ilipoyumba kifedha mwaka 2020 wagonjwa wakabaki na mtambo mwilini usio na fundi wala vipuri.

Vifaa vingi vya ubongoni vya kumwezesha aliyepooza bado viko kwenye majaribio. Siku mkifikiwa na mtu wa majaribio hayo, ulizeni ni nani atakayekihudumia au kukitoa kifaa kampuni ikifungwa, na ishara za kaka zitahifadhiwa wapi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Fomu ya ridhaa asomewe yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na jibu litoke kinywani mwake hata kama mkono hauwezi kutia saini.