Maswali ya Wasomaji: Mhandisi Aliyepigiwa Simu Usiku

Swali: Bwana Mhariri, mwanangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea uhandisi wa elektroniki ili aunde mashine za gemu, jambo ambalo baba yake analiona kuwa mchezo wa watoto. Juzi aliichokora kabatini mashine ya zamani, ile ya kaseti za manjano tuliyomnunulia kaka yake Luthuli Avenue, akaniuliza aliyeibuni ni nani. Nilikosa jibu. Je, yuko mtu aliyeishi kwa kazi hiyo hadi uzeeni? (Mama wa watoto watatu, Umoja, Nairobi)

Jibu: Yuko, mama, na jina lake ni Masayuki Uemura. Mashine mliyonunua, kama zilivyokuwa nyingi zilizouzwa mjini humu siku zile, yaelekea ni nakala ya Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo ya Kyoto iliitoa nchini Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, na Uemura ndiye aliyeongoza kikosi cha wahandisi walioiunda.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1943, akasomea elektroniki katika Taasisi ya Teknolojia ya Chiba, kisha akaajiriwa na Hayakawa Electric, kampuni ambayo leo inaitwa Sharp. Huko alikuwa akiuza seli zinazohisi mwanga, na miongoni mwa wateja aliowatembelea ni Nintendo, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata na ambayo wakati huo ilitaka seli hizo kwa bunduki za kuchezea. Mwuzaji akageuka mfanyakazi wa mteja wake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwambie baba watoto kwamba mlango aliouingilia mhandisi huyu ulikuwa wa biashara.

Mwaka 1981 rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimpigia simu nyumbani usiku, akiwa amekunywa kidogo, akamwagiza aunde mashine ya kuchomekwa kwenye runinga, inayobadilishwa kaseti. Uemura aliitikia ili kumridhisha mkubwa, akadhani habari imekwisha; kulipokucha, Yamauchi, sasa akiwa na akili timamu, alimfuata kumwuliza kama ameanza kazi. Sharti lilikuwa bei: mashine iwe rahisi kiasi kwamba washindani wasiweze kuifikia upesi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ufundi wa mtu huyu unapoonekana, kwa kuwa ilimbidi aamue kipi kiachwe. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilipewa kilobaiti 2 tu, nafasi ambayo leo ingejaa kwa SMS kumi na mbili hivi. Nyaya za vidhibiti, yaani vile vya kushikwa mkononi wakati wa kucheza, ziliunganishwa moja kwa moja ndani ya mashine ili kuokoa gharama ya viunganishi, na kwa hiyo kidhibiti kikiharibika fundi hana budi kufungua mashine yenyewe. Vitufe vya mwanzo vilikuwa vya mpira na vyenye umbo la mraba. Vilipogundulika kuwa vinakwama, vikabadilishwa kuwa vya duara.

Chipu kuu ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh kwa kufuata muundo wa chipu iitwayo 6502, ambao wahandisi wa Japani hawakuuzoea, maana wengi wao walikuwa wakitumia chipu nyingine, Z80. Ugeni huo ulichukuliwa kuwa kinga dhidi ya waigaji. Kinga hiyo ilidumu kwa muda gani, kabati lako linatoa ushahidi.

Famicom, pamoja na toleo lake la nje lililoitwa NES, iliuzwa takriban milioni 62. Uemura akasimamia pia mashine iliyoifuata, Super Famicom, iliyotoka mwaka 1990 na kuuzwa takriban milioni 49. Alistaafu Nintendo mwaka 2004, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan mjini Kyoto, na alifariki tarehe 6 Desemba 2021 akiwa na umri wa miaka 78.

Swali: Mimi ni fundi wa runinga. Wateja huniletea mashine hizo hizo za gemu za kaseti wakilalamika kwamba maadui wakiwa wengi kwenye kioo, picha zao hupepesa. Nimebadilisha kapasita bila mafanikio. Tatizo ni nini? (Fundi, Kariobangi)

Jibu: Ndugu fundi, usibadilishe kitu kingine. Chipu ya picha inaweza kuonyesha vipande 64 vya picha vinavyotembea, kama vile maadui, kwenye kioo kizima, lakini katika mstari mmoja wa picha haiwezi kuchora zaidi ya 8; cha tisa hakionekani kabisa. Ili adui yuleyule asipotee moja kwa moja, waandishi wa programu huzungusha zamu, kinachofichwa sasa kionekane mara inayofuata, na jicho likaona kupepesa. Kikomo hicho kimo ndani ya chipu tangu ilipobuniwa, kwa hiyo mrudishie mteja mashine yake na umtoze ada ya kuikagua tu.