Fyuzi kuu ya gari la zamani: usiivute, na usifunge mpya kabla hujajua ya kwanza iliungua kwa nini

Umeuliza kwa nini gari lako limezima kabisa baada ya kuboosti betri (kuiwasha kwa umeme wa betri nyingine), na kwa nini ile fyuzi kubwa ya ampea 100 haitoki hata ukiivuta kwa playa. Tafadhali acha kuivuta. Yangu niliivuta mpaka ikamegeka kichwa, kazi ya nusu saa ikanila siku 2.

Fyuzi hiyo haichomekwi kama zile ndogo za taa na redio. Imefungwa kwa boliti, na mara nyingi boliti zenyewe zimejificha ndani ya boksi, ukiangalia kwa juu huzioni. Anza kutoa terminali ya hasi, ndipo utoe ya chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, hapo hapo umepiga shoti. Kisha fungua boksi la fyuzi, linyanyue na ubandue kifuniko cha ubavuni au cha chini. Vibanio vyake ni plastiki iliyozeeka kwa joto la injini, vibonyeze polepole kwa bisibisi bapa. Boliti zangu zilikuwa za spana namba 10. Zikiwa na kutu, zitie mafuta ya kulegeza kutu na uzipe muda, kwa sababu ukilazimisha, nati iliyozama kwenye plastiki itaanza kuzunguka na boksi zima litakuwa limekwisha.

Kuitoa si kazi kubwa. Kubwa ni kujua kilichoiunguza. Mimi nilifunga waya za kuboosti kinyume, gizani, nyekundu kwenye hasi. Betri yangu ilikuwa imekwisha, ile ya kuazima ikaizidi nguvu. Ndani ya altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, mna dayodi zinazopitisha umeme upande mmoja tu. Ukigeuza chanya na hasi, zinaufungulia njia, unapita umeme mwingi mno na fyuzi inakatika. Ndiyo kazi yake. Ila wakati mwingine dayodi huungua kabla fyuzi haijawahi kukata. Hilo sikulijua, nikafunga fyuzi mpya, nayo ikaungua pale pale nilipogusisha terminali.

Kwa hiyo pima kwanza, betri ikiwa bado haijafungwa. Weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya dayodi, ncha moja kwenye waya mnene wa altaneta, nyingine kwenye bodi ya altaneta, kisha zibadilishane. Nzima husoma upande mmoja tu. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, dayodi zimekufa, na hakuna fyuzi itakayodumu hapo. Halafu rudisha betri na uunge globu ya wati 21 mahali pa fyuzi, swichi imezimwa na milango imefungwa. Ikiwaka kwa nguvu, bado kuna shoti: tafuta waya uliosuguana na bodi. Isipowaka, au ikiwa na wekundu hafifu tu, njia ni salama. Toa betri tena ndipo ufunge fyuzi.

Funga ya ampea zile zile. Usiongeze, na nakusihi usiweke waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Fyuzi inalinda waya. Ukiiondolea uwezo wa kukatika, kitakachoungua ni waya wenyewe, na gari zima linaweza kushika moto. Boliti uzikaze vizuri, maana iliyolegea huzalisha joto, ikayeyusha plastiki na kuua fyuzi bila shoti yoyote.

Magari mengine ya zamani zaidi hayana fyuzi ya boksi, yana kipande kifupi cha waya maalumu karibu na chanya ya betri. Usidanganywe na ganda lake. Linaweza kuonekana zima huku shaba ya ndani imekatika. Kivute taratibu: kikinyumbuka kama mpira, kimekufa.

Ukimaliza, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5, yangu ilifika 14.2 baada ya fundi kubadilisha dayodi. Yako ikibaki kwenye 12 na injini inaunguruma, altaneta haichaji. Niambie mita imesoma nini pande zote mbili tuendelee kutoka hapo.