Karani aliuliza: "Wewe ni wa gazeti gani?"

SWALI: Salaam aleikum, Wakili. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kaunti ya Kilifi. Zahanati ya kijiji chetu kuta zimeishia kwenye madirisha, mkandarasi haonekani. Nilikwenda ofisini kuomba mkataba na orodha ya vibarua waliolipwa. Karani akaniuliza mimi ni wa gazeti gani. Niliposema si mwandishi wa habari, akasema hizo ni siri za serikali. Ni kweli? Na nikizipata, naweza kuziweka Facebook?

JIBU: Waleikum salaam, Mwalimu. Karani amechanganya vifungu. Uhuru wa vyombo vya habari uko kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya. Haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali iko kifungu cha 35, na ni ya kila raia. Mwandishi akija kuomba mkataba huo, anauomba kwa haki ile ile uliyo nayo wewe. Wala hulazimiki kueleza unautakia nini. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imelisema hilo waziwazi.

Ulipoteleza ni kuomba kwa mdomo. Andika barua, na Kiswahili kinakubalika kisheria. Taja mradi kwa jina lililo kwenye ubao pale kiwanjani, na mwaka wa fedha. Ukiandika "taarifa zote kuhusu zahanati" utazungushwa mpaka uchoke. Peleka nakala mbili, moja urudi nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nimeona madai mazuri yakifia mezani kwa kukosa muhuri huo tu, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo: ofisi ina siku 21, na inaweza kujiongezea 14 mara moja. Kuomba hakuna ada; utadaiwa gharama ya nakala basi. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, nawe una siku 30 za kumwandikia Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za serikali.

Sasa hiyo "siri". Mipaka ipo, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kimeitaja: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na mingineyo. Lakini ofisi haitoki kwa kutamka neno tu. Ni lazima ionyeshe madhara, na hata yakiwepo, manufaa ya umma yakizidi, taarifa inatolewa. Unakumbuka mikataba ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi? Wanaharakati wawili walianza kwa barua kama yako, wakanyimwa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru wapewe. Novemba mwaka huo, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, akatoa hadharani baadhi ya nyaraka za mkopo wa reli hiyo. Kama mkopo wa mabilioni umefunuliwa, mkataba wa zahanati una usiri gani?

Kwenye orodha ya vibarua, hapo karani ana hoja kidogo. Majina yenye nambari za kitambulisho na simu ni mambo ya faragha ya watu. Omba idadi ya vibarua, siku walizofanya kazi na jumla ya malipo, au orodha iliyofutwa nambari hizo. Hesabu yako itakamilika vilevile.

Facebook: mkataba weka. Maneno ya juu yake ndiyo uyapime. Tangu Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu, kwa hiyo hilo lisikutie hofu ya jela; ila mkandarasi bado anaweza kukudai fidia mahakamani, kwani kifungu cha 33 cha Katiba kinataka uheshimu sifa ya mtu mwingine. "Amekula pesa" itakubidi uithibitishe. Andika badala yake: mkataba unasema kazi ikamilike tarehe fulani, na hii ni picha ya leo. Piga picha kuta na ubao wa mradi pamoja, katika fremu moja.