Futi 56 Juu ya Barafu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtangazaji wa redio anawezaje kuufuata mchezo wa kasi kama hoki ya barafu miaka nenda miaka rudi?

Mfano wangu ni Foster Hewitt wa Toronto, Kanada. Alianza mwaka 1923, na mwaka 1972, Kanada ilipopambana na Wasovieti, alitoka kwenye ustaafu akarudi kwenye maikrofoni. Wengi husifu sauti yake. Mimi naanza na alipokaa.

Mwaka huo wa 1923, uwanja wa Mutual Street, alifungiwa kwenye kibanda cha vioo, akitangaza kwa simu. Pumzi yake mwenyewe ikatia vioo ukungu, mchezo akawa hauoni vizuri. Uwanja wa Maple Leaf Gardens ulipojengwa mwaka 1931, inasimuliwa kwamba alipanda jengo moja la mjini, akiwachungulia wapita njia dirishani ghorofa baada ya ghorofa ili apate kimo kinachofaa, akaridhika na ya tano. Kibanda chake kikatundikwa futi 56 juu ya barafu, mita 17 hivi.

Kimo hicho kina hesabu yake. Paki, kile kisahani cheusi cha raba, ina upana wa sentimita 7.6 tu. Ukikaa chini, ubao wa kando unaificha kila inapokuja upande wako. Ukipanda mno, namba za mgongoni hazisomeki.

Wachezaji nao hubadilishana kila baada ya sekunde 45 hivi, mchezo ukiendelea. Kariri majina yao kwa makundi: washambuliaji watatu watatu, mabeki wawili wawili. Ukimtambua mmoja, wenzake umeshawapata. Kila pasi huiwezi, ulimi utaachwa nyuma. Taja mwenye paki na alipo: mstari wa buluu, konani, mbele ya goli. Matokeo yarudie mpaka uone umezidisha, maana kuna anayefungua redio sasa hivi.

Wanaoanza huharibu kwa kupandisha sauti paki ikiwa bado katikati ya uwanja. Goli likija, koo halina kitu. Wengine hukimbilia jina la mfungaji, kumbe paki imeguswa njiani na gongo la mwingine. Kauli maarufu ya Hewitt, "Anapiga, anafunga!", haina jina ndani yake. Tangaza goli kwanza, tazama nani anakumbatiwa, ndipo umtaje.