Kasuku Anapopoteza Nuru ya Macho: Niliyojifunza Nyumbani Kwetu Wete

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kasuku wetu amekuwa mkorofi. Ndege ambaye tangu utoto wangu alikuwa akipanda mkononi mwa kila aliyemnyooshea alianza kunyakua vidole, kupiga kelele mtu akipita karibu na tundu lake, na kukataa kabisa kutoka nje magharibi ikikaribia. Mama alisema ni uzee, mimi nikasema ni kiburi. Hakuna aliyefikiri kwamba Maneno, kama tunavyomwita, alikuwa haoni mkono unaomjia.

Maneno ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeletwa na marehemu mjomba wangu kutoka Bara zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Kwa jamii yake huo si umri wa ajabu, kwani kasuku wa aina hii wakitunzwa vizuri huweza kufika miaka 40 na zaidi. Ndege huficha maradhi yake, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa mwanzo, na aliyekaa tundu moja kwa miaka mingi hukijua kila kijiti kwa moyo, hata akipofuka nusu huwezi kumtambua. Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwepo: alikuwa akipapasa kijiti kwa mdomo kabla ya kupiga hatua, akiikosa karanga niliyomshikia mbele yake, na akishtuka zaidi nikimwendea kwa upande wa kulia.

Nililifanya na kosa jingine, ambalo nalitaja kwa sababu naamini wengi hulifanya. Nilimmulika jicho kwa tochi ya simu, nikaona mboni imebana, nikaridhika kwamba anaona. Kumbe misuli ya mboni ya ndege, tofauti na yetu, hutii pia hiari yake, na kasuku mwenye furaha au hasira huibana na kuipanua apendavyo, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi kitu. Lenye manufaa zaidi ni kumtazama mchana, kwa mwanga wa kawaida, na kuangalia kama ndani ya mboni pana ukungu mweupe au wa kijivu. Kwa Maneno ulikuwepo katika macho yote mawili.

Daktari wa mifugo tuliyemwita, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, alikuwa muungwana wa kutosha kusema kwanza kwamba kasuku si fani yake. Hata hivyo alimchunguza kwa subira na kutuambia kwamba ni mtoto wa jicho. Upasuaji wa kumwondoa hufanyiwa ndege pia, lakini huhitaji mtaalamu wa macho ya wanyama, na dawa ya usingizi ni hatari kwa ndege mzee. Nilichagua kutomsumbua kwa safari ya bahari na nchi za mbali, na sijajuta. Daktari alitukataza pia kumtia dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini, hasa zile zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa kuwa miili ya ndege huathirika nazo upesi na kinga yao hushuka. Asali nayo, ambayo jirani mmoja alikuja nayo kwa nia njema kabisa, tuliila sisi kwa mkate.

Mambo huwa tofauti ikiwa jicho limevimba, linatoa machozi au usaha, au ndege anapiga chafya na kinyesi chake kimebadilika rangi. Hayo huenda yakawa maambukizi, na yapo yanayompata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu. Hapo usingoje, na mjamzito asisafishe tundu.

Lililotufundisha zaidi lilikuwa Idi. Kama ilivyo desturi, nyumba ilipigwa rangi, makochi yakahamishwa, na tundu la Maneno likaoshwa na kupangwa upya, vijiti vikiwekwa juu zaidi ili apendeze. Usiku ule alianguka mara mbili, na asubuhi tulimkuta chini, manyoya ya bawa yamekatika, akitetemeka. Tulirudisha kila kitu kilipokuwa, na tangu hapo hakijasogezwa. Tundu limeegemezwa ukutani, ili mtu aweze kulijia kwa upande mmoja tu, mbali na dirisha ambalo kunguru hutua na paka hupanda. Vijiti ni vya mpera, vinene kiasi cha kucha kuvishika vizuri, navyo viko chini, na sakafu ya tundu imewekewa taulo lililokunjwa, ili akianguka asiumie kifua. Bakuli la maji liko kushoto na la chakula kulia, daima.

Ndani ya nyumba tumekubaliana kwamba hakuna anayelisogelea tundu bila kupiga hodi. Mpwa wangu aliyeanza jambo hili alikuwa akifanya mzaha, lakini niliona siku ile ile kwamba ndege aliyesikia "Hodi, Maneno" hutulia, na anayeguswa kimya hung'ata. Baada ya hodi tunasema "Panda," tunamgusa kifua kwa kidole, kisha tunangoja. Kungoja ndiko kugumu. Ndege aliyepoteza nuru huchukua muda kuamua, na ukimsukuma umepoteza kazi ya wiki nzima.

Chakula kinahitaji jicho lako, kwa kuwa lake halipo. Kasuku hubangua mbegu na kuyaacha maganda humo humo bakulini, kwa hiyo bakuli huonekana limejaa na kumbe ni maganda matupu, na ndege asiyeona hawezi kuyafukua kama zamani. Siku hizi nampima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni kabla hajala. Uzito wake wa kawaida ni gramu 430 hivi, na nimejiwekea kwamba akipungua sehemu moja ya kumi namwita daktari bila ya mjadala. Lawama nyingine ni yangu, maana kwa miaka mingi tulimlisha mbegu za alizeti na karanga peke yake, chakula chenye mafuta mengi na vitamini A kidogo mno. Lishe haiondoi ukungu uliokwisha kuingia, lakini huyalinda macho na pua yasipatwe na mengine. Sasa hula embe, papai, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mchicha, pamoja na pilipili, ambayo haimwashi ndege hata kidogo. Parachichi haliingii tunduni, kwani ni sumu kwao.

Udi ulileta ugomvi kidogo. Mapafu ya ndege hunyonya moshi kwa kasi kuliko yetu, na mama hakubali Alkhamisi ipite bila chetezo. Tulipatana kwamba udi ufukizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kikaango kisichogandisha nilikiondoa mwenyewe bila kumwuliza mtu, maana kikiungua hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache.

Anayeanza kupoteza nuru ana taabu zaidi kuliko aliyepofuka kabisa, jambo ambalo sikulitarajia. Katika miezi ile ya kati Maneno aliogopa vivuli vya jioni na panka la dari, na tulilazimika kumwashia taa mapema na kuzima panka. Sasa haoni chochote, na vivuli havimsumbui. Anasikiliza redio, anaitikia adhana kwa mluzi wake, na ukikosea ukaingia kimya, ndiye anayekupigia hodi.

Mwezi uliopita nilikwenda Unguja kwa siku tatu, safari yangu ya kwanza tangu apofuke. Nilimwachia mpwa wangu mizani, daftari na maagizo ya kurasa mbili, kisha nikapiga simu kila jioni na kuomba iwekwe karibu na tundu. Niliporudi, daftari lilionyesha gramu 428, 426 na 429.