Sukari ilifika 13, mbona hawakumchoma insulini?

SWALI

Shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Mwezi uliopita alilazwa wodi ya watoto mahututi kwa nimonia kali iliyoingia hadi kwenye damu, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Usiku wa pili muuguzi alimtoboa kidole, kipimo cha sukari kikasoma 13.2 (mmol/L). Nilipouliza nikajibiwa, "Tunaiangalia." Hakupewa insulini, na dripu yenye sukari ikaendelea kuingia. Kesho yake jioni ilikuwa 9, siku ya tatu ikawa 5.8. Sasa tuko nyumbani na anakula vizuri, lakini mimi silali. Je, mwanangu ana kisukari? Na wale walizembea?

Mama wa mtoto mmoja

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa kuuguza. Nimekuwa muuguzi katika wodi ya namna hiyo kwa miaka mingi, na namba kama hiyo nimeiona usiku mwingi, kwa watoto ambao baadaye walitoka wakiwa hawana kisukari hata kidogo.

Mwili ukizidiwa, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Kongosho huongeza glukagoni, na homoni ya ukuaji nayo hupanda. Zote hizo zinaliamuru ini lifungue ghala lake la sukari, na likiishiwa litengeneze nyingine hata kwa kumega misuli. Wakati huohuo misuli na mafuta havisikii tena insulini kama kawaida. Kwa watoto walio hoi sana kuna la zaidi: kongosho lenyewe hulegea, likatoa insulini pungufu kwa siku chache. Kama pia alipewa dawa za kupandisha presha au haidrokotisoni, hizo ni homoni zilezile zimeongezwa kwa sindano. Ugonjwa ukianza kuachia, homoni hushuka na sukari huzifuata. Ile safari ya 13.2, 9, kisha 5.8 ndiyo waliyokuwa wakiingojea.

Kuhusu insulini, nikueleze tulikopita. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wagonjwa wazima waliotoka kwenye upasuaji walikufa wachache zaidi sukari yao iliposhikiliwa kati ya 4.4 na 6.1. Kila wodi ikataka kuiga. Mwaka 2009 ikatoka taarifa ya watoto 700 wa mji huohuo. Vifo vilipungua, ila kati ya waliobanwa, yaani waliopewa insulini ili sukari ishikiliwe chini, mtoto 1 kati ya 4 sukari yake ilianguka hadi 2.2 au chini. Tafiti kubwa zaidi zikafuata: ya Marekani mwaka 2012, watoto 980 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, ya Uingereza mwaka 2014, watoto 1,369. Hakuna iliyoona kwamba kubana kunaokoa maisha. Nyingine ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 2017, ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu faida haikuonekana huku maambukizi na sukari kushuka vikizidi upande wa waliobanwa.

Na kushuka huko ndiko kunakonitia hofu mimi. Mtoto wa kawaida sukari ikishuka hutokwa jasho, hutetemeka, hulia. Mtoto aliyelazwa usingizi kwa dawa hafanyi lolote. Amelala vilevile, kifua kinapanda na kushuka kwa mashine. Usiku mmoja, miaka mingi nyuma, mtoto niliyekabidhiwa alikuwa kwenye dripu ya insulini. Chakula alichokuwa akilishwa kwa mpira kilisimamishwa ili apigwe picha, insulini ikaachwa inaendelea. Nilipompima alikuwa 2.1. Usoni hakikubadilika kitu. Nilivuta glukosi ya asilimia 10 kwenye bomba la sindano nikaisukuma polepole, nikapima tena, na tena. Alipona. Lakini ubongo wa mtoto mdogo unakula sukari nyingi na ghala la ini lake ni dogo, kwa hiyo dakika zile hazinitoki.

Ndiyo maana hata dripu ya mwanao yenye sukari haikukatwa. Hupunguzwa kasi au nguvu. Kuifunga ghafla ni kumweka mtoto pabaya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu sepsisi ya watoto, yaani maambukizi makali yanayouelemea mwili mzima, unashauri insulini isitumike kuishusha sukari hadi 7.8 au chini, na waandishi wake walikubaliana kwamba inafaa ibaki chini ya 10. Kwa 13.2 wapo ambao wangeanza insulini kidogo kidogo, na wapo ambao wangepunguza dripu kwanza na kurudia kipimo. Kwa mtoto aliyeshuka hadi 9 ndani ya siku moja, siuoni uzembe. Ninaloliona ni kwamba hawakukuketisha wakakueleza, na hilo ulikuwa unawadai. Dakika tano zingetosha.

La kufanya sasa: akianza kukojoa sana, kuwa na kiu isiyokatika, kulowanisha kitanda baada ya kuacha, au kukonda huku anakula, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje miadi. Bila dalili hizo, mwombe daktari kwenye kliniki ampime sukari asubuhi kabla hajala. Akitaka pia kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi 2 hadi 3, mwambie kama mtoto aliongezewa damu wodini, maana damu ya mtu mwingine hupotosha majibu yake.