Rosela ni chachu, kali au ina ugwadu?

Swali: Asalaam alaykum mwalimu. Mie niko Wete. Mke wa kaka yangu ni mtu wa Morogoro, siku ya futari mama kamtilia glasi ya juisi ya rosela, kaonja tu akasema "mama mbona chachu hivi", basi mama kanuna mpaka tarawehe. Wifi anasema kwao ndo neno lenyewe. Nani yuko sawa? Na humu ndani wanabishana pia, mtu anasema chai ya rosela si chai maana majani ya chai hamna. Na juu ya pakiti wameandika "maua ya rosela", "inaongeza damu", "inashusha presha", ni kweli hayo?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Wifi yako hajakosea, ila mkwewe naye ana haki ya kununa kidogo. Chachu na kuchacha ni ndugu, na huku kwetu tui likilala nje likaanza kutoa povu ndo tunasema limechacha, mchuzi umechacha, kwa hiyo ukimwambia mama wa Kipemba juisi yake chachu yeye anasikia kwamba kamlisha mkwe wake kitu kilicholala. Bara wengi wanasema chachu kwa ndimu, kwa ukwaju, kwa chochote cha namna hiyo, na kamusi zinawakubalia. Kiswahili chao kizima, meza tu ndo siyo.

Sisi tunasema kali, embe kali, ndimu kali. Tabu ya kali ni kuwa imebeba mengi mno, pilipili kali, jua kali, mbwa mkali, mtu akikwambia rosela hii kali hujui kama ni yenyewe au katia tangawizi nyingi. Ndo maana mie nalipenda ugwadu, sijui vijana wanaliachia nini neno zuri kama hili! Ugwadu ni ule wa embe changa ya chumvi na pilipili, uso unakunja na mkono unarudi tena sahanini. Rosela ina ugwadu, mwambie wifi aseme hivyo na mama atacheka.

Lakini usichanganye na ukakasi. Ukiiacha rosela itokote muda mrefu ulimi unakauka na kukwaruza kama umekula ndizi mbichi, huo ndo ukakasi, na sukari unaweza kumimina utakavyo, ugwadu utapoa lakini ukakasi bado unausikia. Wanaoijua wanairoweka tu kwenye maji ya moto na kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu (na karafuu nyie Pemba hamuombi kwa mtu), wanafunika, wanachuja, basi. Na sufuria ya alumini iache, ule ugwadu unaila.

Chai ni chai. Mbona chai ya mchaichai hamuigombi? Kwanza sisi tukisema "njoo unywe chai" asubuhi tunamaanisha na mkate na maharage na kila kilichopo. Mie kipimo changu ni joto, ikiwa ya moto kikombeni ni chai ya rosela, ikitoka kwenye friji ni juisi au sharubati kama wanavyosema wazee, sijasikia mtu akaomba chai yenye barafu hapa mjini. Wenzetu wamejiepusha na tabu hiyo, Misri na Sudani ni karkadee iwe ya moto au baridi, Senegali ni bissap vilevile.

Halafu hilo la "maua ya rosela" mlilolitaja juu ya pakiti, nalikubali kwa sababu limeshazoeleka, ila kinachorowekwa siyo ua, ua lenyewe linanyauka na kudondoka mapema, ni yale makoti manene mekundu yanayobaki yamelikumbatia tunda. Mmea wenyewe ni jamaa wa bamia, tazama ua lake utaona.

Ambalo silikubali ni "inaongeza damu". Wekundu ule ni rangi ya mmea tu, ukitia ndimu unazidi kuwaka na ukitia magadi unageuka buluu buluu, sasa damu gani hiyo? "Inashusha presha" ina ukweli wake, utafiti umeona inashusha kiasi, na kwa sababu hiyohiyo mwenye kumeza vidonge vya presha amuulize daktari kabla hajaifanya ya kila siku, na mja mzito bora aiache mpaka ajifungue.